Koleo Likivunjika, Mhunzi Bado Yupo



Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawafundisha wengine huku nimejitoa katika hesabu.

Mwaka jana alinijia ofisini kijana wa kimojawapo cha vigango vyetu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa winga wa timu ya vijana, na siku za kazi aliendesha bodaboda. Siku hiyo alikuja kwa magongo. Wakati wa masika pikipiki ilimtoka katika mteremko wa matope, mguu ukavunjika mahali pawili chini ya goti, na ingawa uliungwa, haukurudi kuwa ule wa zamani. Baba yake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu. Wazazi walimleta kwangu nimshauri akajifunze ushonaji, kazi ambayo mtu huifanya akiwa ameketi. Yeye alikuja na ombi jingine. Alitaka mkopo mdogo kutoka mfuko wetu wa vijana ili anunue kamera iliyokwisha kutumika.

"Padre," aliniambia, "mpira umekwisha, na pikipiki siiwezi tena. Lakini macho yangu ni mazima."

Nilimjibu kwa upole, ila jibu lenyewe halikuwa jema. Nilimwambia kwamba picha ni mchezo wa watu wenye nafasi, kwamba siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na kwamba mtu aliyekwisha kuvunjika mguu hana haja ya kuvunja na mfuko. Wazazi walifurahi. Kijana alishukuru, akainua magongo yake, akaondoka.

Miezi michache baadaye bibi mmoja mzee alifariki katika kigango hicho hicho. Jioni ya kuamkia mazishi nilikwenda kusali na familia, nikawakuta wanahangaika kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Waliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, ndogo, uso umekakamaa kama wa mtu anayesubiri kuhukumiwa. Ndipo yule kijana akajongea, akatoa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amempiga picha bibi huyo akianika kahawa: ameketi pembeni ya turubai, ungo mapajani, anacheka kwa sababu mjukuu amemwaga nusu ya debe. Mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi, aliishika simu ile kwa mikono miwili, akashindwa kusema neno. Kesho yake asubuhi ilipelekwa Kayanga ikasafishwa, na saa ya Misa ilikuwa juu ya jeneza. Watu waliokuja kulia walimwona bibi yao anacheka.

Tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza: je, ni kipaji gani kile nilichokiita mchezo?

Ndugu msomaji, katika kujiuliza huko nilikumbuka habari za mtu wa mbali sana nasi, ambazo nilisimuliwa na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyewahi kukaa parokiani petu. Mtu huyo anaitwa Ed Templeton. Ni Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1972 katika jimbo la California na kukulia katika mji wa pwani uitwao Huntington Beach. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ubao wa magurudumu. Kwa wasioujua mchezo huo, ni ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo, ambao mchezaji husimama juu yake akaserereka, akaruka nao ngazi, kingo na vizuizi vya kila namna. Watoto wetu wanaoserereka vilimani juu ya magome ya mgomba wanaujua utamu wake, na mama zao wanaijua hatari yake.

Kwa Wamarekani mchezo huo ni ajira. Kampuni za mbao na za viatu humlipa mchezaji hodari, huandika jina lake juu ya ubao, na vijana huununua ubao huo kwa ajili ya jina. Templeton aliingia katika daraja la wachezaji wa kulipwa mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka kama 18. Mwaka 1993 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya mbao, iitwayo Toy Machine, na michoro ya kuzipamba akawa anaichora kwa mkono wake. Kisha, yapata mwaka 1994, wakati miguu yake ilikuwa katika ubora wake na safari za maonyesho zilikuwa nyingi, alianza kupiga picha kwa makusudi.

Naomba tusimame kidogo katika mwaka huo. Hakuna aliyekuwa amemfukuza mchezoni, wala hapakuwa na mfupa uliomlazimisha atafute kazi ya kukaa. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba maisha ya mchezaji ni mafupi, na kwamba watu aliokuwa akisafiri nao katika gari moja wasingebaki vijana milele. Akanunua filamu, akaanza kuwatazama. Hakuacha ubao ili ashike kamera, alivibeba vyote viwili kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mguu wake ulipovunjika mwaka 2012, akiwa na miaka kama 40, na enzi yake ya kuruka ngazi ikafika mwisho, hakuwa mtu anayeanza upya na mikono mitupu. Kamera ilikuwa imekwisha kukaa mikononi mwake kwa takriban miaka 18.

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika nchi hii ya Karagwe, ambayo tangu enzi za wafalme ilisifika kwa kufua chuma, methali hiyo ingepaswa kuandikwa mlangoni mwa kila nyumba. Koleo ni chombo tu. Uhunzi umo ndani ya mhunzi, katika jicho linalojua chuma kimeiva kiasi gani na katika mkono unaojua pa kugonga. Koleo likivunjika, hutafutwa koleo jingine. Ila methali haisemi kwamba mtu ambaye hajawahi kukaa kiwandani anaweza kuwa mhunzi siku koleo la jirani linapovunjika. Uhunzi hujifunzwa koleo likiwa zima.

Kuna jambo la pili katika maisha ya mtu huyo. Templeton hakutoka nje kwenda kutafuta vitu vya ajabu vya kupiga picha. Aliwapiga picha wenzake: wamelala sakafuni baada ya safari ndefu, wamefungwa bandeji, wamechoka, wanacheka, wanalia. Aliwapiga na vijana waliokuja kuwatazama. Mwaka 1999 alitoa kitabu kidogo cha picha za vijana wadogo wanaovuta sigara, Teenage Smokers. Mwaka 2023 kikatoka kitabu chake kikubwa, Wires Crossed, chenye picha za maisha ya wachezaji hao kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka ule mguu ulipovunjika. Mara nyingi huandika kwa mkono pembeni mwa picha zake, kama mzee anavyoandika nyuma ya picha ya familia ili wajukuu wasije wakasahau. Hata leo yeye na mkewe Deanna, naye mpiga picha, wanajulikana kwa kutembea katika mji wao uleule wakipiga picha za watu wanaopita.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila picha ya mtu huyo inafaa kutundikwa katika ukumbi wa parokia. Nyingi zinaonyesha maisha ambayo nisingependa vijana wetu wayaige. Lakini nakiri kwamba mtoto anayevuta sigara barabarani hupitwa na watu wazima mia moja wasiomwona, na huyu mmoja alisimama akamwona. Kabla ya kumsaidia mtu ni lazima kwanza kumwona. Katika hilo mpiga picha mwaminifu anatutangulia wengi, tukiwamo sisi mapadre.

Msidhani kwamba mchezo huo umekomea Marekani. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo umeingia Uganda, na katika kitongoji cha Kitintale, jijini Kampala, vijana wakiwa na Jackson Mubiru walijenga kwa mikono yao uwanja wa saruji wa kuchezea ubao wa magurudumu, miaka ya 2005 na 2006. Hawakungoja serikali wala mfadhili mkubwa. Habari zao zikaenea, na wageni wakaja na kamera, akiwamo mpiga picha Mswisi Yann Gross, ambaye picha zake za Kitintale zilitazamwa sana huko Ulaya. Ni picha nzuri, na mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huondoka. Mtoto aliyepigwa picha mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine mwenye familia. Ni nani anayempiga picha sasa, ambapo hakuna tena jambo la kuwashangaza wageni? Ni yule tu anayeishi naye.

Hapa kwetu jambo hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mnamo Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika, mtawala wa ufalme ambao nchi yake leo imo katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa. James Grant alikuwa askari. Alipokuwa Zanzibar mwaka 1860 alipiga picha kwa kamera, lakini kamera za wakati ule zilikuwa mzigo wa masanduku na dawa, naye akaiacha kazi hiyo kabla ya safari ya bara, akabaki na penseli na rangi. Alipofika Karagwe mguu wake uliugua vibaya, ukavimba na kutunga usaha, hata akashindwa kutembea. Januari 1862 mwenzake alimwacha hapa akaendelea kwenda Buganda, na Grant akabaki katika himaya ya Rumanyika hadi Aprili.

Mtu aliyekuja kutembea alilazimika kukaa. Alipokaa alitazama, na alichokitazama alikichora na kukiandika: watu, mimea, vilima na desturi za nyumbani mwa mfalme. Michoro yake imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Basi, moja ya hazina za kale za sura ya nchi yetu ilitengenezwa na mgeni mwenye mguu mbovu, ambaye hakukubali kwamba kusimama kwa mguu ni kusimama kwa kazi. Namheshimu kwa hilo. Lakini nikiifikiria michoro hiyo iliyo mbali hivyo, najiuliza kwa nini, baada ya zaidi ya miaka 160, bibi wa kigango chetu anaweza kuishi miaka themanini na kuzikwa bila picha hata moja inayomwonyesha akicheka.

Na kama mtu atasema kwamba mifano hii ni ya Wazungu watupu, nitamkumbusha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 11. Ndiye aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia mnamo Oktoba 1984, iliyouamsha ulimwengu mzima. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Mpiga picha asiye na mkono! Watu walidhani basi. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia, akaifunza mwili wake upya jinsi ya kubeba kamera, akarudi kazini, na aliifanya kazi hiyo hadi alipokufa katika ajali ya ndege iliyotekwa, karibu na Komoro, Novemba 1996. Huyu hakuwa mtu wa kutoka mbali. Alikulia katika nchi hii hii tuliyomo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo najua wazazi wengi wanalo moyoni: je, picha italeta unga nyumbani?

Sitawadanganya. Si kila mwenye kamera anakula kwa kamera. Simu zimefanya kila mtu aweze kupiga picha, na studio nyingi zilizoishi kwa picha za paspoti na za kipaimara zinajua jinsi wateja walivyopungua. Hata Templeton hakuishi kwa picha pekee. Alikuwa na kampuni yake ya mbao na mchoro wake, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo vilivyoilinda kamera. Kwa hiyo yule kijana wangu, iwapo atasoma maneno haya, asidhani namwambia adharau cherehani. Ajifunze kushona, na apige picha. Mtu mwenye kazi mbili za mikono hana aibu, na shamba la migomba na kahawa la baba yake bado lipo.

Lakini wazazi nao niwaulize: tunapomwambia kijana aliyeumia achukue kazi yoyote ile mradi tu ameketi, je, tumemwangalia yeye, au tumeangalia mguu wake? Mimi niliangalia mguu. Niliyaona magongo, nikampangia maisha kwa kufuata magongo. Sikumwuliza hata mara moja anionyeshe alichokwisha kukipiga kwa ile simu mbovu. Angenionyesha, ningegundua kwamba kwa miaka miwili, kabla ya ajali, alikuwa akiwapiga picha wenzake wa timu wakifunga viatu, wakigombana, wakila miwa baada ya mechi. Mhunzi alikwisha kuanza kazi, ila mimi nilikuwa natazama koleo lililovunjika. Tunajua sote mfano wa talanta na yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Mara hii talanta haikufukiwa na mwenyewe. Jembe lilikuwa mikononi mwa paroko.

Kwa vijana wetu walio wazima nina neno moja, hasa ninyi mnaoshinda juu ya pikipiki kati ya Omurushaka, Nkwenda na Isingiro, na ninyi ambao jioni hamkosekani uwanjani. Nguvu za miguu ni zawadi, furahieni. Lakini anzeni jambo la pili leo, wakati la kwanza linawalipa. Akiba si ya fedha tu, kuna akiba ya ujuzi. Anayejua kutengeneza injini ajifunze hesabu za duka. Anayecheza ajifunze kufundisha watoto, au kuamua mechi. Anayependa kutazama ajifunze kupiga picha. Msingoje mpaka mletwe ofisini kwangu na baba zenu.

Kwa sisi wengine, tujirekebishe katika jambo dogo ambalo si dogo. Tunamwita kijana wa kamera katika komunyo ya kwanza, harusi na mazishi, anasimama juani kutwa, kisha jioni tunampa soda na shukrani. Fundi mwashi hatumlipi soda. Tukimlipa mpiga picha haki yake, ndipo tutajua kama kazi hiyo inalisha au hailishi. Naye mpiga picha atimize wajibu wake: aombe ruhusa, asimdhalilishe mgonjwa wala mfiwa, wala asiuze uso wa mtoto wa watu kwa kicheko cha mtandaoni.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, halmashauri ya walei itakutana kujadili mfuko wa vijana. Nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitasema kwamba mwaka jana niliushauri mfuko huo vibaya, na nitapendekeza mkopo wa kijana yule urudi mezani pamoja na kazi ya kuanzia: kupita kigango kwa kigango, nyumba kwa nyumba, kumpiga picha kila mzee wetu mahali anapopapenda, kwa malipo madogo ambayo familia itakubali, na nakala moja ihifadhiwe parokiani. Najua wapo watakaosema kuna mahitaji makubwa zaidi, paa la kigango linavuja na madawati hayatoshi. Wana haki ya kusema hivyo, na wanaweza kunishinda kwa kura. Ila paa linaweza kungoja kiangazi. Tangu mazishi yale tumekwisha kuzika wazee wengine wanne, na wawili kati yao hawakuwa na picha.

Ninawatakia juma jema na lenye baraka. Kabla juma halijaisha, mkae karibu na mzee mmoja wa nyumbani mwenu, mumtazame vizuri.

Paroko wenu